"Ndiyo" ya Mkutanini

Mhandisi alisifika ofisini kwa jambo moja: hakuwahi kuulizwa swali akakosa jibu. Ndiyo maana mkurugenzi alipoona ankara za kompyuta za kukodi zinapanda kila mwezi, kazi ya kutafuta dawa alimkabidhi yeye.

Kampuni yao ilitunza majibu ya vipimo vya zahanati nyingi. Majibu yalihifadhiwa mawinguni, yaani kwenye kompyuta za mbali walizokodi kwa makampuni matatu tofauti. Sokoni kulikuwa na programu za kubana matumizi, zinazokagua kompyuta hizo na kuzima zisizo na kazi. Mhandisi alitakiwa kujaribu programu kadhaa, kila moja kwa makampuni yote matatu, kisha achague.

Alijaribu moja, kwa kampuni moja tu. Muuzaji wake alikuwa na ulimi wa asali, michoro ya kwenye skrini ilivutia, na Mhandisi mwenyewe alitamani kusifiwa kwa wepesi wake. Mkutanini mhasibu, rafiki yake wa chanda na pete, akamuuliza:

"Dada, umeijaribu kote kote? Tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Ndiyo," akajibu bila kupepesa macho. "Kote."

Wakampigia makofi.

Programu ilipowashwa, kwa makampuni mawili mambo yalikwenda sawa. Kwa ile ya tatu haikujua kutofautisha kompyuta isiyo na kazi na inayosubiri kazi. Usiku ikazima zilizokuwa zikisubiri zahanati zifunguliwe. Kulipokucha, hakuna jibu la kipimo lililofunguka mpaka mchana. Mkurugenzi akaamini kosa ni la kampuni ya tatu. Akawapigia simu, akawafokea mbele ya watu wote. Mhandisi alijua fika kosa ni lake, akainamia meza yake.

Jioni alimkuta shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, amekaa kitini ameinua miguu iliyovimba.

"Leo nimekiona cha moto," shangazi akasema. "Tumekaa kwenye benchi pale zahanati tangu asubuhi, tunaambiwa majibu hayafunguki. Kuna mjamzito kaishia kulala sakafuni."

"Pole, shangazi."

"Nikawaambia, mwanangu anafanya kazi na kompyuta hizo hizo. Angekuwa yeye, tusingeteseka hivi. Nilijitapa, mwenzangu!"

Akacheka. Mhandisi alihisi uso unawaka, akatamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kucheka naye, yakaisha. Kicheko hakikutoka.

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe nini?"

Akamweleza yote, na ile "ndiyo" ya mkutanini, na simu ya mkurugenzi. Shangazi alisikiliza huku akisugua kifundo cha mguu.

"Na hao waliofokewa, wanajua?"

"Bado."

"Basi mimi usinitake radhi kwanza."

Kesho yake alisimama mbele ya wenzake na kusema hakuijaribu kote, alidanganya. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo likamuuma zaidi. Mhasibu alimtazama mara moja tu.

"Mimi nilikuamini, nikaweka sahihi," akasema.

Mkurugenzi hakumfukuza. Kazi ya kuchagua alimpa mhasibu, na Mhandisi akaamriwa apige simu kampuni ya tatu yeye mwenyewe. Aliyepokea alikuwa fundi wa zamu, ambaye tayari wakubwa wake walikuwa wamemkalia kooni. Mhandisi alikiri yote. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akakata simu.

"Umewapigia?" shangazi akamuuliza aliporudi.

"Nimewapigia. Wamenikatia simu."

"Wana haki." Akamsogezea sahani. "Kula."

Majaribio yalichukua muda mrefu. Iliyoshinda ilikuwa programu isiyo na michoro ya kuvutia, ila ilielewa makampuni yote matatu na iliomba ruhusa kabla ya kuzima chochote. Matumizi yakapungua, japo si kwa kiasi kile Mhandisi alichokuwa ameahidi. Yeye ndiye aliyeiweka kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, mhasibu akikagua nyuma yake. Siku mkurugenzi alipoita wafanyakazi kuwapongeza, na jina la Mhandisi likatajwa pamoja na ya wenzake, yeye alikuwa ameshatoka mlangoni na jagi mkononi, eti anakwenda kuchota maji ya kunywa.