Miezi Saba Isiyoandikwa

Faili zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, zimepangwa kwenye kioo cha kompyuta kama wanafunzi mstarini, kila moja na tarehe yake, na kila moja tupu. Sefakor Agbeko aliifungua ya kwanza, akaifungua ya pili, akaruka hadi ya mwisho, ya alfajiri ya siku hiyohiyo. Haikuwa na hata herufi moja. Pembeni, programu ya ufuatiliaji iliendelea kuwasha taa yake ya kijani, na chini ya taa hiyo yalikuwapo maneno aliyozoea kuyasoma kila asubuhi huku akipuliza uji wake: Nakala ya akiba imekamilika.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kliniki. Diski ya seva ilikuwa imekata roho saa mbili kasorobo, baada ya umeme wa mji wa Ho kwenda na kurudi mara tatu. Sefakor hakutishika. Diski hufa, ndiyo maana kuna nakala. Kwa miaka sita alikuwa mtunzaji wa kumbukumbu za kliniki ile ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumlaumu kwa lolote. Chumba chake kilikuwa cha baridi, kimya na safi. Watoto wenyewe aliwasikia kwa mbali tu, ng'ambo ya ukuta, kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani.

Efo Gameli, karani wa mapokezi, alichungulia mlangoni. Kwa Kiewe yeye alikuwa Efo, yaani kaka, na Sefakor alikuwa Davi, yaani dada.

"Davi Sefa, huko nje wazazi wameshaanza kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Niwajibuje?"

"Waambie mtambo unapumzika kidogo."

"Unapumzika au umekufa? Sema tu, maana mimi ndiye nitakayezikwa nao."

"Nipe nusu saa, Efo."

Gameli alimtazama usoni, akaacha mzaha, akaurudisha mlango taratibu.

Sefakor alifungua daftari la mtambo, pale programu inapojiandikia yenyewe kila inachotenda. Hakuhitaji kusoma sana. Kila alfajiri, saa kumi kamili, mistari ilikuwa ileile: programu ya nakala imebisha hodi kwenye hifadhidata, imekataliwa, nywila si sahihi. Alipanda nayo siku kwa siku, Oktoba, Septemba, Agosti, hadi tarehe kumi na tano Machi, na hapo mistari ikaisha. Tarehe kumi na nne yeye mwenyewe alikuwa amebadilisha nywila ya hifadhidata, kama kanuni inavyotaka kila mwaka. Aliibadilisha kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Tangu hapo programu ilikuwa ikibeba kapu, ikiandika tarehe juu yake, ikienda kubisha hodi, ikifukuzwa, na kurudi na kapu tupu. Na ile ya ufuatiliaji, iliyowekwa kumchunga mwenzake, ilikuwa ikihesabu makapu bila kuchungulia ndani.

Lakini kukataliwa kule kulipaswa kulia. Kulikuwa na onyo maalumu kwa jambo hilo, alilitega kwa mkono wake. Alilitafuta katika orodha ya maonyo, akalikuta limefifia, na mbele yake mstari mfupi: Limenyamazishwa na S. Agbeko.

Akakumbuka. Ilikuwa Februari, Jumamosi ya kumpa jina binti wa kaka yake kule Kpando. Umeme wa Ho ulikuwa ukicheza tangu asubuhi, na simu yake ilitetemeka mkobani bila kukoma, onyo juu ya onyo, yote ya kipuuzi, hadi shangazi yake akamuuliza kama ameficha nyuki. Watu wakacheka. Alitoa simu chini ya meza, akanyamazisha kundi zima la maonyo, akasema moyoni kwamba Jumatatu atayarudisha. Jumatatu ilikuja na mambo yake.

Alivuta kiti, akaanza kumwandikia matroni, muuguzi msimamizi wa kliniki. "Programu ya nakala ilipata hitilafu tangu mwezi Machi, na programu ya ufuatiliaji haikuweza kuigundua." Aliisoma sentensi ile mara mbili. Hakuna neno lililokuwa la uongo. Kampuni iliyouza programu ilikuwa mbali, haijui uso wake, na ingeweza kubeba mzigo huo bila hata kuusikia uzito. Sentensi ilikaa pale, imenyooka, imevaa vizuri, na Sefakor akaona anaiogopa kuliko alivyoziogopa faili tupu. Aliifuta, akainuka, akaenda ng'ambo ya ukuta.

Matroni Dzandu alikuwa amempakata mtoto, akimbonyezabonyeza tumbo upande wa bandama. Hakuinua macho.

"Mtambo umerudi?"

"Utarudi kabla ya saa sita, Mama. Lakini utarudi ukijua mambo hadi Machi tu. Ya baada ya hapo hayapo."

Mkono wa matroni ulisimama juu ya tumbo la mtoto. "Damu niliyowaongezea? Vipimo vya dawa nilivyobadilisha?"

"Hayapo. Nilibadilisha nywila nikasahau kuipa programu ya nakala. Na onyo la kunikumbusha nililinyamazisha mwenyewe, kwa sababu lilikuwa likinisumbua kwenye sherehe."

Alitarajia kukemewa, na kwa kweli alikutaka, kwa kuwa kemeo lina mwisho. Matroni alimrudisha mtoto kwa mamake, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Lako na la uongozi tutalizungumza Ijumaa," alisema. "Leo chukua kiti ukakae na wazazi. Muulize kila mmoja kilichompata mwanawe tangu Machi. Uandike."

"Mama, mimi mambo ya wagonjwa siyajui."

"Kwani nani kakuuliza unajua nini? Wao wanajua."

Na kweli walijua. Kufikia adhuhuri seva ya akiba ilikuwa ikifanya kazi na nakala ya Machi imekaa mahali pake, na Sefakor yuko uani na kompyuta mapajani. Mama mmoja wa Hohoe alitoa mkobani vifuko vitupu vya dawa, vyote vya miezi saba, vimefungwa kwa mpira. Baba mmoja alikumbuka siku ya damu kwa sababu ndiyo siku aliyouza pikipiki. Bibi asiyejua kusoma alihesabu maumivu ya mjukuu wake kwa vidole, akivuka mkono mmoja hadi mwingine, na kila kidole kilikuwa na siku yake, na hali ya hewa ya siku hiyo, na wimbo uliomtuliza mtoto. Sefakor hakuwa na sehemu ya kuandikia wimbo. Aliuandika kwenye maelezo mengine.

Aliandika hivyo wiki nzima. Ijumaa uongozi ulimpa barua ya onyo. Aliitia saini, akarudi uani.

Alichokisahau katika pilikapilika ile kilikuwa kidogo. Seva iliyofufuka na kumbukumbu za Machi ilitazama kalenda, ikawaona watoto ambao, kwa ujuzi wake, hawajaonekana kliniki miezi saba. Ikafanya ilivyofundishwa. Jumamosi iliwatumia wazazi wao ujumbe.

Jumanne iliyofuata Gameli alikuja uani akitembea polepole, nyuma yake mwanamke aliyevaa nguo nyeusi.

"Davi, huyu dada anasema ameitwa," alisema, akaondoka bila kuongeza neno.

Mwanamke aliketi. Hakuwa na mtoto. Alimwonyesha Sefakor simu yake, kioo chake kimepasuka pembeni: Mzazi mpendwa, Senanu amekosa kliniki. Tafadhali mlete Jumanne.

"Naitwa Akpene," alisema. "Senanu alifariki Juni. Matroni alikuja mazikoni."

Sefakor aliinua macho kutoka kwenye simu ile. "Dada Akpene," alisema, "kosa ni langu. Mtambo haukujua, na haukujua kwa sababu yangu mimi. Naomba unisamehe. Hautakuandikia tena, nitaliondoa jina sasa hivi."

"Usiliondoe."

Watoto walikuwa wakigombania mpira wa soksi kando ya bomba la maji. Akpene aliwatazama kidogo.

"Ujumbe ulipoingia nilikuwa naponda mihogo. Nilikasirika, nisikufiche. Nilitaka nije nimtukane aliyeutuma. Halafu nikausoma tena. Nyumbani wameacha kulitaja jina lake, dada. Wanaogopa nitalia. Baba yake husema 'yule mtoto'. Mtu wa mwisho kuniandikia Senanu, hivi, kwa herufi zote, ni huo mtambo wenu." Akaikunja mikono juu ya mapaja. "Humo ndani mmeandika nini juu yake?"

Sefakor alilifungua faili. Kwa zaidi ya miaka minne jina lile lilikuwa limepita chini ya vidole vyake kila alfajiri, kutoka diski hadi diski, na hakuwahi kulisoma.

"Uzito wake," alisema. "Kila alipokuja walimpima. Nikusomee?"

Akpene aliitikia kwa kichwa.

"Kilo tatu na gramu mia moja. Kilo tano na nusu. Kilo saba." Sauti yake ilikuwa ndogo, aliikaza. Alisoma mwaka wa kwanza, na wa pili, na mahali palipoandikwa kwamba mtoto amekataa kushuka kwenye mizani, ambapo Akpene alitoa sauti fulani puani, karibu na kicheko. Alisoma mwaka wa tatu na wa nne. "Januari, kilo kumi na tano na gramu mia mbili. Februari, kumi na tano na gramu mia nne. Machi, kumi na tano na gramu mia tisa."

Hapo orodha ikaishia. Alama ya kuandikia ilikuwa ikipepesa mahali patupu.

"Aprili," alisema Akpene, "kilo kumi na sita kamili. Alikuwa na viatu, wakasahau kumvua. Mimi nikanyamaza, nilitaka ifike kumi na sita."

Sefakor aliandika, na viatu pia.

"Mei," alisema Akpene, kisha akanyamaza, na Sefakor akaacha vidole vyake juu ya vibonye, akangoja.