Faili Tupu za Homa Bay

Kazi ya Phanice Bitutu ilikuwa kuandika maneno ya watu wanaokufa. Pale ofisini Migori hakuna aliyeiita hivyo. Kwenye karatasi za shirika iliitwa kumbukumbu za wazazi. Mzazi aliyeona siku zake zimekwisha alimwita Phanice nyumbani na kumsimulia: watoto wangu ni hawa, ukoo wao ni huu, shamba linaanzia kwenye mkonge linaishia mtoni, walionishuhudia nikilinunua ni fulani na fulani. Phanice aliandika kwenye daftari, mzazi akatia kidole gumba. Daftari likapelekwa ofisini siku moja, likachapwa lote kwenye kompyuta, kisha likarudishwa kwa mtoto mkubwa wa nyumba ile.

Daftari linaweza kuibwa. Linaweza kuchomwa. Mwaka ule wa 1998 makaburi mapya yalikuwa mengi, na baba wadogo wenye tamaa ya mashamba hawakuwa wachache. Ndiyo maana nakala ya kompyuta ilikuwepo. Ugomvi ukizuka, ikatolewa kwenye karatasi na kupigwa muhuri wa shirika, chifu aliikubali.

Nayo nakala ilikuwa na nakala yake. Kila siku saa saba mchana kompyuta ya Migori ilijipigia simu yenyewe kwenda kwa kompyuta kubwa ya Homa Bay, modemu ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na faili zote mpya zikasafiri kwa waya. Phanice hakuwa na cheti cha kompyuta. Alikuwa mpiga chapa, mama wa miaka arobaini na mmoja, mtu wa Kisii aliyeolewa Migori. Lakini alikuwa na saa ya mkononi na mazoea ya kutazama. Kazi ile ilichukua dakika kumi na moja, siku nyingine kumi na mbili.

Kisha kwa miezi mitatu saa saba ilimkuta vijijini, akiandika. Jumatatu moja ya mwezi wa Mei, akiwa ofisini, aliinua macho kutoka kwenye chai yake, akaona imekwisha. Dakika mbili. Kwenye kioo, mbele ya kila faili, paliandikwa OK.

Alidhani amekosea. Jumanne akaangalia tena: dakika mbili. Alichomoa nyaya na kuzichomeka upya. Aliinua simu akasikiliza kama laini ina mikwaruzo, ilikuwa safi. Alizima mtambo, akauwasha, akautuma tena kwa mkono wake mwenyewe. Dakika mbili, na OK. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Wiki ile alikuwa amechapa kumbukumbu sita ndefu, na mzigo ukiongezeka safari haiwezi kufupika.

Akampigia Wesley Omanga, aliyeitunza kompyuta ya Homa Bay.

"Wesley, faili zangu zinakufikia?"

"Zinafika, Mama."

"Umefungua hata moja?"

"Sihitaji kufungua. Mtambo ukisema OK ni OK. Kompyuta haidanganyi, Mama." Alikuwa na sauti ya mtu anayetafuna kitu. "Wewe chapa tu hizo hadithi zako, mambo ya mitambo niachie mimi."

Hadithi. Phanice aliweka simu chini polepole, maana angeiweka kwa kasi angeivunja. Wiki iliyopita mwanamume mmoja alikuwa amemsimulia kwa siku mbili, akikohoa, akipumzika, akianza tena, ili mwanawe ajue jina la babu yake. Hiyo ndiyo hadithi.

Jumatano akaandika faili moja fupi, akaiita JARIBIO. Ndani aliweka mstari mmoja: *Wesley, ukiyasoma haya, niambie mama yako mzazi anaitwa nani.* Akaituma. OK. Akangoja nusu saa, akapiga simu.

"Wesley, nimekutumia faili inaitwa JARIBIO. Ifungue uisome, tafadhali, yote. Nitasubiri."

Alisikia kiti kikilia, kisha kicheko cha mtu mwingine upande wa pili, kisha Wesley akarudi.

"Nimeisoma, Mama. Iko sawa."

"Yote?"

"Yote. Hata makosa ya chapa hakuna."

"Basi jibu swali nililokuuliza humo ndani."

Kiti kikalia tena.

"Swali gani tena, Mama?"

"Wesley," alisema, "umenidanganya. Tangu lini unanidanganya?"

Simu ikakatika. Alipopiga tena hakupokea mtu.

Basi akampigia Bwana Nyakundi, mkurugenzi, palepale Homa Bay. Alimweleza taratibu, bila matusi: faili hazifiki, Wesley hazifungui, naomba disketi leo hii ili nihifadhi kazi yangu hapa, maana maduka ya Migori hayana. Aliomba pia ruhusa ya kuzipiga kumbukumbu zote kwenye karatasi. Shirika lilikataza hilo, siri za watu zisije zikazagaa.

"Mama Phanice, usipandishe presha," alisema Bwana Nyakundi. "Wesley ni kijana mzuri, amesoma. Karatasi hapana, unajua sheria. Jumatatu nitakuja mwenyewe, nitakuletea disketi boksi zima."

"Jumatatu ni mbali, Bwana Nyakundi."

"Jumatatu si mbali."

Alhamisi saa nane mchana mvua ya Migori ilikuja kama kawaida yake, na radi ikapiga mahali karibu na posta. Stima ikapotea. Phanice alikuwa ameinama kuchomoa waya ukutani iliporudi kwa nguvu, taa zikawaka nyeupe kuliko siku zote, na ndani ya kompyuta kitu kikalia *pah*. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba. Fundi wa redio wa jirani alifungua sanduku lile, akalinusa, akatikisa kichwa. Diski ilikuwa imekufa, na yeye hakujua mtu yeyote wa kuifufua.

Phanice hakulia. Alikaa akaandika barua kwa makao makuu Nairobi, kurasa mbili, tarehe kwa tarehe, simu kwa simu, na asubuhi yake akaitia posta kabla hajapanda gari la Homa Bay.

Ofisi ya Homa Bay ilikuwa ghorofani. Chini walikuwa wakipakia samaki kwenye lori, na dirishani ziwa lilikuwa kijani kama shamba, gugu maji limelifunika mpaka mbali. Phanice hakubisha hodi. Wesley alikuwa ameinamia mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta, na mbele yake ameketi mwanamke mwenye kitambaa cheusi, ameshika picha ya mzee aliyevaa tai.

"Mama Phanice," alisema Wesley, akasimama ghafla. "Karibu. Ungepiga simu..."

"Nilipiga. Nionyeshe faili zangu."

"Subiri nimalize na huyu mama, wanazika kesho."

Hapo ndipo Phanice alipoanza kuelewa. Kwenye rafu palikuwa na marundo ya karatasi zilizokunjwa vizuri: mipango ya mazishi, kila moja na picha ya marehemu kwenye jalada, wasifu, nyimbo, ratiba ya misa. Homa Bay nzima ilikuwa ikizika, na kila mwenye msiba alikuwa ameelekezwa kwa Wesley.

"Picha hizi unaziweka wapi?" aliuliza.

Wesley aliinamia tena mashine yake.

"Nimekuuliza, zinakaa wapi? Kwenye diski ya nani?"

Bwana Nyakundi alitoka chumba cha ndani aliposikia sauti. Phanice hakumwamkia. Alivuta kiti, akakaa mwenyewe mbele ya kompyuta kubwa, akafungua orodha ya faili za Migori. Zilikuwepo zote, kila jina mahali pake, na kando ya kila jina ukubwa wake. Mpaka tarehe kumi Februari ukubwa ulikuwa namba ndefu. Kuanzia tarehe kumi na moja ulikuwa sifuri. Diski ilikuwa imejaa picha. Kompyuta ya Homa Bay ilipokea jina la kila faili, ikakosa pa kuweka maneno, ikafunga mlango. Na ile ya Migori, iliyofundishwa kulinganisha majina tu, ikaandika OK.

"Njoo hapa, Bwana Nyakundi. Soma."

"Nimeona, Mama Phanice."

"Hujaona. Nitakusomea." Akaweka kidole kwenye kioo. "Mayaka, sifuri. Huyu alikufa Machi. Kemuma, sifuri, ana watoto watano. Jeff, sifuri. Teresa, mjane wa Maroa, sifuri. Huyu nilimwandikia akiwa amelala ubavu, hawezi kukaa..."

Alisoma majina yote sitini na matatu. Bwana Nyakundi alijaribu kumkatiza mara mbili, na mara mbili Phanice akapandisha sauti. Yule mwanamke wa kitambaa cheusi alisimama na picha yake, akaondoka bila kuaga.

Alipomaliza, Bwana Nyakundi alijifuta uso. "Hili ni jambo la nyumbani. Tulimalize sisi wenyewe. Hakuna haja ya kuwasumbua watu wa Nairobi."

"Barua imeondoka asubuhi."

"Umeandika bila kunishirikisha?"

"Nilikushirikisha Jumatano. Ukaniambia nisipandishe presha." Alisimama. "Nataka pikapu ya ofisi na nataka huyu. Madaftari yako kwa watu. Tutayatafuta nyumba kwa nyumba, na yeye atakuwa mbele."

Wesley alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nilikuwa nasaidia watu wenye misiba."

"Na hawa wangu walikuwa na harusi?"

Jumatatu pikapu ilikuwa mlangoni Migori saa mbili asubuhi, Wesley ndani yake.

Wiki mbili walizunguka. Mahali pengi daftari lilikuwepo, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, limefichwa chini ya godoro au juu ya dari. Phanice aliwaomba wamwazime, akaeleza kwa nini, akatukanwa hapa na pale, akarudi nayo ofisini ambako kompyuta nyingine ilikuwa imeletwa. Usiku wa kwanza macho yake yaliuma kwa kuchapa, na hasira ndiyo iliyomkalisha kitini. Njiani hakuzungumza na Wesley ila kumwambia pinda hapa, simama pale. Madaftari hamsini na manane yalipatikana, na nyumba nne za mbali walikuwa bado hawajazifikia.

La Teresa halikupatikana. Marehemu mumewe, Maroa, alikuwa amenunua shamba upande wa Uriri, na walipofika walimkuta binti yao mkubwa, Milka, wa miaka kumi na tisa, amekaa kizingitini na wadogo zake watatu. Sehemu ya shamba ilikuwa imelimwa upya.

"Baba mdogo ndiye amelima," alisema Milka. "Magige. Alikuja siku arobaini zilipoisha, akaomba kuona daftari. Alilisoma lote. Halafu akaliweka jikoni kwenye moto, mimi nikiangalia. Akasema shamba walinunua wote wawili na baba." Akamtazama Phanice, na uso wake ukafunguka kidogo. "Lakini nilimwambia hasira zake ni bure. Nilimwambia kwa Mama Phanice kuna nyingine."

Phanice akamgeukia Wesley. "Mwambie."

Wesley alikohoa. "Dada, kulikuwa na tatizo la kiufundi kwenye mfumo wa kuhifadhi..."

"Tatizo halina miguu, Wesley. Mwambie nani amefanya nini."

Kuku walipita katikati yao.

"Mimi," alisema Wesley mwishowe. "Mimi nilijaza mtambo na kazi zangu. Maneno ya mama yako hayakuingia. Mama Phanice aliniuliza nikamwambia yameingia, na sikuwa nimeangalia. Hakuna nyingine."

Milka hakupiga kelele. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Walimsikia akilia humo, na wadogo zake wakabaki wakimkodolea Wesley macho kama mtu aliyempiga dada yao. Wesley alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi.

Mlango ulipofunguliwa, Phanice alikuwa tayari na kalamu. "Milka, mwanangu, mimi nilisikia kwa masikio yangu. Mama yako alinitajia mashahidi watatu wa ununuzi. Wawili nawakumbuka: Monari, mwenye duka la mbolea, na Werema, aliyekuwa jirani. Wa tatu jina limenitoka. Nimelitafuta usiku na mchana."

Monari alikuwa hai. Werema alikuwa amehamia ng'ambo ya mpaka, haijulikani wapi. Wa tatu hakujulikana kamwe. Katika baraza la chifu, Ijumaa iliyofuata, Magige alisimama akasema mpiga chapa wa ofisi si shahidi wa shamba, na Phanice akamjibu kwa ukali mpaka askari wa chifu akamwomba akae. Monari alieleza alichokiona. Chifu alisikiliza, akasema shahidi mmoja na kumbukumbu ya mtu mmoja havifikii maandishi yenye muhuri. Watoto walibaki na nyumba na nusu ya shamba, ile ya juu yenye mawe. Ile ya mtoni Magige akaachiwa mpaka kesi isikizwe mjini, na kesi za mjini kila mtu anazijua.

Nje ya baraza Milka alimshukuru Phanice kwa mikono miwili, na shukrani ile ilimchoma kuliko matusi yote aliyotukanwa katika wiki zile mbili.

Wesley alikuwa amesimama kando ya pikapu. "Mama Phanice," alisema, "naomba unisamehe. Sikujua kama ni mambo makubwa hivi."

"Hukuuliza," alisema Phanice. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu Homa Bay, akaona amekonda, na hilo halikumpunguzia kitu. "Sijakusamehe. Labda siku moja, leo hapana. Washa gari. Zimebaki nyumba nne."