Huyu Queen Ni Nani?

Mikorosho ya Lupaso ilikuwa imeanza kutoa maua, na ua la mkorosho likikosa dawa ya salfa kwa wakati, ugonjwa wa ubwiriunga hulikausha palepale mtini. Mashine ya Ethel ya kupulizia ilikuwa imekufa. Bila mashine hakuna korosho, na bila korosho binti yake Glory harudi chuoni. Kwa hiyo Chrispin, muuzaji wa kampuni moja ya mashine ya Masasi, alipoingia uani na pikipiki yake akasema shikamoo Mama Glory kwa adabu zote, alivutiwa kiti upesi.

Chrispin alitaka hela itumwe kwenye namba aliyowapa yeye, siyo ya ofisi, na angewapunguzia elfu thelathini. Bartholomayo, kaka yake Ethel, ambaye naye alitaka mashine, alituma papo hapo. Simu ilimwonyesha jina la Queen, naye hakushtuka. Laini yake mwenyewe ilisajiliwa kwa jina la mkewe Stella, na nusu ya kijiji wanatumia laini za majina ya watu. Ethel naye alifika mpaka kwenye jina hilo, akaishia hapo. Namba ya siri hakuiweka.

"Mimi nanunua kwa kampuni," alisema. "Huyu Queen simjui."

Bartholomayo alicheka mpaka akakohoa, eti dada yake ana hela za kuchezea. Acha acheke. Kesho yake Ethel alikwenda Masasi, akalipa dirishani, akadai risiti yenye jina lake na namba ya mashine, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Zile elfu thelathini hazikumuuma hata kidogo.

Mashine zilifika wiki hiyohiyo: ya Ethel kwa gari la kampuni, ya Bartholomayo kwenye pikipiki ya Chrispin. Siku ya tatu zote mbili ziligoma. Unavuta kamba mpaka bega linawaka, mota kimya. Wakazibeba wakarudi nazo dukani.

Mama wa dukani alisoma risiti ya Ethel, akalinganisha namba, akamtolea mashine nyingine. Ikawashwa mbele yake, ikanguruma. Kisha akamgeukia Bartholomayo. Risiti hana, na Chrispin alikuwa ameacha kazi. Bartholomayo akaonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu.

"Hizi hela zilikwenda kwa Queen," mama yule alisema. "Queen ni nani, baba?"

Bartholomayo, mzee wa kanisa anayeheshimika, alitazama sakafu.

"Simjui," alisema.

Ethel alimhurumia, na alimkasirikia vilevile. Alimwambia ujumbe ule asiufute, wanakwenda nao polisi sasa hivi, na mashine yake moja itapulizia mashamba yote mawili, la Ethel kwanza. Bartholomayo hakubisha.

Walipotoka polisi wakafika stendi, kaka mtu alisimama kwenye kibanda cha kusajili laini, akamwomba dada yake amsubiri kidogo. Akatoa kitambulisho chake mfukoni. Ethel akakaa juu ya boksi la mashine, wala hakuwa na haraka, mpaka aliporudi akiwa na laini yenye jina la Bartholomayo.