Makoti ya Kamati

Hii ni kweli, mbele ya Mungu na mbele ya chai hii. Mkinipata na uongo hata wa ukubwa wa punje ya mtama, mandazi ya kila mtu hapa hotelini kwa Kalunde ni juu yangu.

Asubuhi moja ya Novemba 1999, ofisi ya chama chetu cha kahawa, huku vilimani juu ya Machakos, ilifunguliwa kama kawaida. Wanakamati watano walifika, wakatundika makoti kwenye viti vyao, wakateremka mjini kula nyama. Koti likiwa kwenye kiti, mwenyewe yupo. Hata posho ya kikao ililipwa hivyo.

Asubuhi hiyo mkanda wa mashine ya kumenya kahawa ulikatika. Syokau, mjane wa Muli, alikuwa ameketi kwenye ngazi na magunia ya kahawa mbivu, mavuno yake yote. Kahawa mbivu ikilala guniani huchacha, na ikichacha ni ya kutupa.

"Kisilu, mwanangu, si ununue mkanda," akamwambia karani.

"Siwezi bila kamati, mama."

"Kwani hawako ndani?"

"Wako. Lakini hawako."

"Aiya! Basi uliza hao walioko."

Kisilu alizijua kanuni: kamati yaweza kuamua bila mkutano, mradi kila mwanakamati akubali. Akasimama mbele ya viti, akakohoa kidogo, akauliza kama mkanda ununuliwe.

Koti la kahawia, lenye kola nzuri sana, ndilo lililotangulia kuinua mkono. Likafuata la kijivu, kisha mengine mawili. La buluu, la mwenyekiti Kimeu, likaning'inia tu. Kisilu akangoja. Nje, nzi walikuwa wameanza kuyazunguka magunia. Syokau akaingia, akalipangusa vumbi mabegani, akalinyoosha kola.

"Baba, nakuomba. Wajukuu wangu wanasoma na hii kahawa."

Koti likafikiri. Likainua mkono.

Kufikia saa tisa mashine ilikuwa inanguruma, na jioni kahawa ya Syokau ilikuwa imemenywa, iko salama majini.

Tangu hapo makoti yaliamua kila kitu, na hatujawahi kuwa na kamati nzuri kama ile. Wakulima walishukuru kweli. Walileta hanga za kuyatundikia makoti, wakayapiga pasi, pasta akayaombea. Kwenye mkutano mkuu wanakamati walewale walichaguliwa tena kwa makofi, kwa sharti moja: wakienda kula nyama, makoti wayaache. Posho waliendelea kupokea wao.

Nilikuwa nimemalizia hapo. Kumbe Syokau mwenyewe alikuwa meza ya nyuma. Akaweka kikombe chini.

"Jeremiah."

"Naam, mama."

"Koti la Kimeu liliinua mkono bila kuombwa. La kahawia ndilo nililolibembeleza. Na la kahawia ndilo hilo umevaa."

Hoteli nzima ikanigeukia. Nikaanza kueleza kwamba leo sina pesa ndogo, lakini mkono wa koti ulikuwa umeshaingia mfukoni. Ukamlipa Kalunde mandazi ya watu wote, ukaongeza chai ya Syokau, na mkono wangu ukiwa ndani yake.