Breki ya Baiskeli Nyekundu

Mkono wa breki ya nyuma ulikatika njiani, hapo Kisesa, mama mkwe akiwa juu ya karia. Ungekatika ufukweni, amebeba matenga ya sangara, Masalu angecheka tu. Lakini siku hiyo alikuwa anampeleka mama huyo hospitalini mjini, ambako mkewe Odeta alikuwa amejifungua na damu haikatiki. Tangu alfajiri Odeta alikuwa na ombi moja tu: "Niitieni mama."

Mabasi yalipita yamejaa hadi mlangoni. Magari ya barafu ya viwanda vya samaki hayakupunguza hata mwendo. Yenyewe husimama kwa ajili ya sangara, si watu.

Chenge, fundi baiskeli wa kando ya barabara, alikigeuzageuza kile kipande kilichokatika, akatema mate pembeni. "Masalu, hiki si chuma. Hii ni sufuria."

"Kichomelee hivyo hivyo."

"Kitayeyuka."

"Basi funga kingine, ndugu yangu, nakuomba!"

Chenge akamwaga kopo lake la spea. Za baiskeli za Phoenix zilikuwa tele. Akaokota mkono mmoja wa kubahatisha, akaufunga. Ulikuwa mfupi, mpira wake ukawa unalamba tairi badala ya kubana rimu. Akaufungua. Breki ya mbele ilikuwa imekufa tangu kiangazi.

Sasa, mtu mzima naye huwa na ujinga wake. Masalu alikuwa na Phoenix ya marehemu baba yake, breki zake za vyuma vitupu. Nchi ilipofungulia biashara ya nje na maduka ya mjini yakajaa vitu vya kila rangi, akaiuza akanunua hii nyekundu yenye gia, kisa inang'aa. Usiache mbachao kwa msala upitao: aliiimba methali hiyo shuleni mpaka sauti ikamkauka, na haikumsaidia kitu.

Mama Teodora, yule mama mkwe, alisimama ng'ambo ya barabara, kanga ameivuta usoni. Kwao Usukumani mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe, wala hamgusi. Njia nzima mama alikuwa amejishikilia kwenye springi za tandiko kwa ncha za vidole, amejivuta nyuma asije akamgusa Masalu mgongo.

"Utasimamisha kwa mguu," Chenge alisema. "Ila abiria akukumbatie kweli kweli. Asipokushika, mteremko utamrusha."

Masalu akainamisha kichwa. "Hilo haliwezekani. Fundi, mwambie mama tutatembea."

"Fundi, mwambie mkwe wangu," sauti ilitoka ndani ya kanga, "mwanangu ananisubiri."

Wakatembea. Masalu alisukuma baiskeli, mama akifuata kwa mbali, na jua likazidi kupanda. Masalu aliona aibu, akaona hasira, na vyote viwili havikusogeza mji karibu. Walipofika juu ya mteremko wa kushukia Buzuruga, nyayo nyuma yake zikanyamaza.

"Masalu."

Tangu amuoe Odeta, mama huyo hakuwahi kutamka jina lake.

"Panda."

"Mama, haina breki."

"Panda, baba. Nitakushika."

Mikono yake ikamzunguka kiuno, ikakaza. Wakashuka, Masalu amekandamiza ndala ya tairi kwenye gurudumu la mbele mpaka ikatoa moshi. Waliokuwa barabarani waliruka pembeni wakitukana. Mama hakupiga kelele; alikuwa anataja jina la Odeta tu.

Kwenye lango la hospitali aliketi Gladness, dada yake Odeta, amepakata kanga ya Odeta, imekunjwa vizuri. Alipowaona, akaifunua akajifunika nayo uso, akaangua kilio cha msiba.

Baiskeli ikasimama yenyewe. Mama Teodora hakushuka. Alibaki amemkumbatia mkwewe, paji la uso mgongoni pake, na shati likalowa machozi. Masalu alitaka kugeuka ampokee, lakini angegeuka vipi? Uso ule hakuruhusiwa kuutazama, na mikono ile hakujua namna ya kuiondoa.

Vidole vya Masalu vikabana breki. Vikabana tena, kwa nguvu zote, na haikushika kitu.