Sheria ya Vichwa

Katika nchi ya Bondemaji kila mnyama alijua mahali pake. Mfalme Kiboko alikaa majini, mawaziri walikaa ukingoni, na raia walikaa mlimani, ambako maji hayakufika. Utaratibu huo uliitwa amani.

Ndipo Fuko, mama mmoja fundi, akayapandisha maji. Alitengeneza gurudumu kubwa la vibuyu, akalisimamisha mtoni. Mto wenyewe ulilizungusha, na vibuyu vikamwaga maji juu, kwenye mfereji uliokwenda mashambani. Msimu uliofuata mlima ulijaa kunde. Fuko hakuwa mnyenyekevu. Aliyemsifu alijibiwa, "Bado hujaona la pili." La pili, la kusagia nafaka, alikuwa nalo kichwani, na alikataa kulichonga mpaka ajue litakuwa la nani.

Swali hilo lilifika barazani na baraza likakosa jibu. Mfalme akaamua kumtuma Nungunungu, mkaguzi wake, azitembelee nchi mbili zilizotajirika kwa uvumbuzi.

"Uandike ulichokiona, si unachokipenda," aliambiwa.

Agizo hilo lilimfaa. Kwa Nungunungu, maoni ndani ya ripoti yalikuwa kama mchanga ndani ya wali.

Fuko alimsindikiza mpaka njia panda. Walikuwa watani, maana koo zao zote mbili zilichimba mashimo, na kila ukoo ulidai kuwa mwingine ulijifunza kwake.

"Ukiniletea sheria mbovu, mtani, nitakung'oa miba yote nishonee viatu."

"Utashonaje, nawe hata pua yako huioni?"

Fuko alicheka, lakini hakuondoka pale mpaka nyayo za mwenzake zilipoacha kusikika.

Katika nchi ya Tai, Nungunungu aliona karakana zenye kuta ndefu. Fundi alipoajiriwa alitia sahihi kwamba chochote atakachobuni ni mali ya nyumba iliyomwajiri. Jina lake lilibaki kwenye hati, faida ikaenda kwa mwenye nyumba. Wenye nyumba walishtakiana kutwa, na wengine walinunua uvumbuzi wa wadogo ili waufungie stoo tu. Hata hivyo, fundi aliyechoka aliweza kutoka asubuhi, na jioni akawa ameshafungua karakana yake ng'ambo ya barabara, kwa mtaji wa tajiri aliyependa kubahatisha.

Katika nchi ya Korongo hakuona kuta, ila hakuona pia aliyetoka. Fundi aliingia kijana akastaafu mzee humo humo. Wazo jipya lilizungushwa kimyakimya, benchi hadi benchi, kila mmoja akalipunguza hapa na kuliongeza pale, na kikao kilipoitishwa hapakuwa tena na la kubishania. Kazi ilikwenda taratibu, lakini kila siku kitu fulani kilikuwa bora kidogo kuliko jana. Aliyelianzisha wazo alipewa kitambaa na kuinamiwa. Wachache walioomba zaidi ya kitambaa walitazamwa kama waliokohoa msibani.

Nungunungu aliandika yote hayo kwa usawa, faida na hasara, akarudi.

"Tumeisoma ripoti yako, Ndugu Nungunungu," alisema Waziri Mbweha barazani. "Imetulia. Haina hata neno moja la kutuudhi. Kutoka kwa Tai tumechukua ule mkataba. Kutoka kwa Korongo tumechukua kukaa maisha, na kile kitambaa."

Nungunungu alihisi miba ikimsimama. "Mheshimiwa, kwa Tai mkataba huo unavumilika kwa sababu mlango uko wazi. Anayeonewa huhama."

"Mlango hatukuuchukua. Huku kwetu kuna upepo."

"Na kwa Korongo kitambaa kinatosha kwa sababu fundi husikilizwa kabla ya uamuzi."

"Hilo nalo ni refu. Mtukufu akikaa sana nje ya maji ngozi yake hupasuka." Mbweha alitabasamu. "Niambie, uliandika popote kwamba tusichanganye?"

Hakuandika. Hayo yangekuwa maoni.

"Kwa Tai husema ni changu," Mfalme alinguruma kutoka majini, "na kwa Korongo ni chetu. Hapa mtasemaje?"

"Ni chake Mtukufu," walijibu mawaziri kwa pamoja, na sheria ikapita.

Fuko alifungiwa karakana ya Mfalme, akavishwa kitambaa. Gurudumu lilitiwa lakiri, na kwa kuwa sasa lilikuwa mali ya enzi, alikatazwa kuligusa. Aliposema ekseli inalika, aliambiwa mali ya Mfalme hailiki. Akatoroka. Mfinyanzi naye akatoroka, kisha wahunzi. Walinzi wa mpakani waliwazuia, wakawapekua na kuwanyang'anya patasi na nyundo, lakini Mbweha aliona mara moja kwamba mali yenyewe haikuwa mikononi.

Ikatoka sheria ya pili: kila kichwa kilichozaliwa Bondemaji, pamoja na vilivyomo, ni cha Mfalme. Atakayekutwa na wazo mpakani atarudishwa afungwe maisha. Wa kukagua vichwa aliteuliwa Nungunungu. "Wewe ndiye unayejua uvumbuzi unafananaje kabla ya kuchongwa," Mbweha alimwambia.

Kwa hiyo Nungunungu ndiye aliyesimama kwenye kizuizi cha mpakani Fuko alipoletwa, vumbi usoni, kitambaa kikiwa kimekwisha tupwa. Ngiri, mkuu wa walinzi, alisimama kando na kamba.

Nungunungu alilijua gurudumu la pili jino kwa jino. Fuko alikuwa amemsimulia mwenyewe. Maishani mwake hakuwahi kuandika jambo aliloliona kuwa si kweli.

"Huyu namjua tangu utotoni," alisema. "Hana kitu kichwani."

Walinzi wakaangua kicheko. Ngiri hakucheka. "Na lile gurudumu la mtoni?"

"Si linazungushwa na mto? Yeye alisimama pembeni tu."

Masharubu ya Fuko yalitetemeka. Hakuwahi kumwachia mtu tusi bila kulirudisha, tena lenye riba, na Nungunungu aliogopa kiburi hicho kuliko kamba.

"Ni kweli, mama?" Ngiri alimuuliza Fuko. "Ni mtupu?"

Fuko aliinamisha kichwa. "Mkaguzi ni msomi," alisema taratibu. "Sisi wa mashimoni tutambishia nini?"

Ngiri aliinua kizuizi. Fuko alipompita mtani wake alinong'ona, "Niende kwa nani? Tai au Korongo?"

"Kwa Tai. Kwa Korongo majivuno yako yatakuua."

Hayo yalikuwa maoni yake ya kwanza, na hakuyajutia.

Baada ya Fuko alipita mfinyanzi, wakapita wahunzi na wachongaji wa vinu. Kwa kila mmoja aliandika vilevile: hana kitu kichwani. Mfalme aliposomewa alifurahi mno kwamba nchi haikupoteza chochote.

"Ila, Mtukufu," alisema Mbweha, "gurudumu limekatika ekseli. Kunde mlimani zimekauka, na hatujampata wa kulitengeneza."

Mfalme aliinua kichwa kutoka majini. Kutoka mlimani ilisikika sauti ya wengi, bado ya mbali.

"Na hao raia waliobaki," alimuuliza Nungunungu, "wana nini vichwani?"

"Wazo moja tu, Mtukufu," alisema Nungunungu. "Wanashuka nalo."