Mlango wa Upande wa Dereva

Daktari wa macho alikuwa amempa Baba hadi Septemba. Baada ya hapo, anaisalimisha leseni yake ya udereva. Kwa hiyo alitaka kiangazi kimoja ndani ya gari la michezo la mwaka 1967, jekundu, lisilo na paa, na Bwana Rudge wa mjini Kidderminster alikuwa analiuza. Jumamosi asubuhi nilimpeleka huko, nikiwa nimechukua jeki na sumaku iliyofungwa kitambaa.

Hatukukaribishwa hata chai.

"Huyu ndiye fundi wako?" Rudge alimwuliza Baba, macho yake kwenye viatu vyangu.

"Binti yangu. Ana digrii na maswali mengi. Mwache tu." Baba alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani.

Niligusa boneti. Ilikuwa ya moto, ingawa tulikubaliana kwa simu injini isiwashwe kabla hatujafika, ili nisikie inavyowaka ikiwa baridi.

"Nimelitoa gereji," Rudge alisema. "Au mlitaka nilibebe mgongoni?"

Nikapitisha sumaku chini ya mlango. Mbele ilinasa. Katikati ikadondoka: pale palikuwa na pati ya kuzibia mashimo, si bati.

"Wee binti, umekuja kununua gari au kupasua maiti?"

"Pippa, usiniaibishe," Baba akasema.

Nilitamani kuacha. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu macho yaanze kumfifia mwaka jana. Lakini gari lisilo na paa hushikiliwa na bati za chini ya milango. Zikioza, siku ya ajali linajikunja na aliyemo. Nikaweka jeki katikati, chini ya mlango wa dereva.

"Usiinue! Rangi mpya hiyo!" Rudge alipiga kelele.

Nikainua. Kabla tairi hazijaachana na ardhi, mwanya wa nyuma ya mlango ulikuwa umezibika kabisa: gari lilikuwa linajikunja.

"Baba, fungua mlango."

Akavuta kitasa, akasukuma kwa bega. Mlango ukagoma.

"Umefurahi sasa?" alinifokea, uso umemwiva.

"Hapana, Baba."

"Likishuka utafunguka, mzee," Rudge alisema. "Tena wewe unataka kiangazi kimoja tu. Kwa kiangazi kimoja litakufaa."

Baba aliachia kitasa. "Nani kakwambia kimoja?"

"Wewe mwenyewe, kwenye simu."

"Kwa hiyo ulijua limeoza. Ukaona huyu mzee hana muda, mpe hilohilo."

Baba aliupanda ule mlango kwa juu, akachubuka goti, akaukataa mkono wangu.

Hatukuagana. Alikwenda moja kwa moja upande wa dereva wa kigari changu na kukinga kiganja.

"Funguo."

"Baba, macho yako..."

"Huu ni mwezi wa sita."

Nikampa. Njia nzima hakunitazama. Kwenye taa za kwanza za barabarani alisoma kwa sauti namba ya lori lililokuwa mbele yetu, herufi moja moja, kwa ukali, kana kwamba ananitukana. Zote zilikuwa sahihi.